Ubani wa Grace

Anayebonyeza herufi hizi ni mjukuu wangu, mimi nasema tu. Kwa hiyo makosa ya maandishi ni yake, aibu ni yangu.

Septemba 1955 nilikuwa na wiki ya pili London, mwanafunzi kutoka Unguja, nimepanga chumba cha juu kwa mama mmoja mjane. Nyumba ile ilitawaliwa na wawili: mita ya gesi na redio. Mita ilikula shilingi za kwao tu. Yetu ya simba niliijaribu, ikawa pana mno, ikagoma kuingia. Redio ilikuwa ya valvu, ukiiwasha unangoja ipate moto ndipo iseme. Kibali chake kilikuwa paundi 1 kwa mwaka, na mama aliikamua paundi ile mpaka peni ya mwisho.

Saa ya ukutani ilikuwa pambo. Asubuhi zikipigwa nyimbo za kuombwa na kina mama, anaosha vyombo. Saa nne na nusu, muziki wa kuwachapusha wafanyakazi viwandani: anafagia kwa mwendo uleule, ole wako ukisimama mlangoni. Saa nane kasoro robo ni hadithi za watoto wadogo. Mtoto mdogo hana, lakini anakaa kitako, mikono mapajani, anasikiliza. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilikuwa haijazaliwa bado, ilikuja 1957, nami nilitaka sikio lizoee Kiingereza, nikaridhika na redio yake.

Sasa, mezani mama alikuwa akinisimulia habari za watu wa kijiji kiitwacho Ambridge. Dan na Doris, wakulima. Kijana wao Phil, kaoa Pasaka ileile, mkewe Grace. Kwetu mtu akiwajua watu kiasi hicho, na akawasengenya kiasi hicho, hao ni ndugu zake. Nikawapanga kichwani: Dan shemeji, Phil mpwa. Siku moja nilimwomba awafikishie salamu zangu. Alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Nilidhani amefurahi.

Alhamisi, tarehe 22, narudi darasani yapata saa moja na robo usiku, nasikia kilio jikoni. Mama kashika leso, dada yake kamshika mama.

"Grace amekufa," akaniambia. "Banda la farasi limeshika moto. Alikwisha toka, akarudi kumwokoa farasi. Kafia mikononi mwa Phil."

Nilitaka kusema "makiwa", nikatafuta Kiingereza chake, sikukipata. Nikapanda juu mbio. Nikavaa kanzu na kofia, nikaenda kumgongea kijana wa Jamaica wa chumba cha pili, mtu wa reli, zamu ya usiku, bado kalala. Nikamwambia mama kafiwa na mkwe wa shemeji yake. Bila kufumbua macho vizuri akanipa shilingi 2. Nikaongeza 5 zangu, ubani ukawa shilingi 7. Dini si moja, lakini ujirani ni ujirani.

Nikashuka. Redio ilikuwa ikiimba; nikaizima, nyumba ya msiba haipigi muziki. Nikasukuma viti ukutani ili waombolezaji wapate pa kukaa. Na wallahi, waombolezaji wakaja! Jirani wa kushoto, macho mekundu. Jirani wa mbele na bintiye. Kila mmoja anaingia na "maskini Grace", nami nawapokea mlangoni na kanzu yangu, nawapa chai. Nikasema moyoni, kumbe Waingereza wanasingiziwa, wanajua kuzika.

Walipokwisha kutulia nikamkabidhi mama bahasha, nikauliza kwa sauti ya chini: "Maiti italala hapa, au mazishi ni hukohuko Ambridge?"

Kimya. Vikombe vikasimama hewani.

"Maiti ipi, kijana?"

"Ya Grace. Mke wa mpwa wako."

Mama akaitazama redio. Akanitazama mimi. "Grace ni wa kwenye redio."

"Alikuwa mtangazaji?"

"Ni mchezo, kijana. *The Archers*. Kila jioni saa moja kasoro robo. Hakuna Grace."

Jirani wa kushoto ndiye aliyeanza kucheka, chai ikamtoka puani. Nikasimama katikati ya chumba, kanzu nyeupe, kofia kichwani, viti vyote nimevisukuma ukutani. Nikawauliza, kama hayupo, mlikuwa mkilia nini? Hakuna aliyenijibu mpaka leo.

Najipa moyo kwamba sikuwa peke yangu. Simu za BBC zilifurika usiku ule, na wapo waliotuma mashada ya maua. Tena ndiyo ilikuwa jioni ya kwanza ya televisheni ya matangazo ya biashara London, wapinzani hao wa BBC wamealika wageni karamu, na kesho yake magazeti yakamlilia Grace. Wenye ndimi kali walisema alichomwa makusudi.

Ubani mama alikataa kuurudisha, akasema kilichotolewa kimetolewa. Kesho yake, saa moja kasoro dakika ishirini, nikamkuta yule Mjamaika sebuleni, keshavaa sare ya kazi, kajisogeza mpaka goti linagusa redio.

"Huendi kazini?" nikamuuliza.

"Nyamaza," akasema. "Nimetoa shilingi mbili. Lazima nijue wanamzikaje."