Mkate au godoro?

Mama aliporudi kutoka kliniki na habari kwamba ana sukari, agizo alilolishika kuliko yote lilikuwa moja: aache mkate mweupe, ale wa brauni. Kuanzia siku hiyo nyumbani kwetu Bombo, Uganda, mkate wa brauni haukukosekana mezani. Na kwa kuwa sasa mkate umekuwa dawa, Mama akaongeza dozi. Zamani alikula slesi mbili, sasa nne, na kikombe cha chai ya maziwa chenye sukari yake kama kawaida. Kipimo hakikushuka. Akamlaumu daktari, akailaumu mashine ya kupimia, mwishowe lawama zikanifikia mimi mnunuzi wa mkate.

Sikupenda kulaumiwa, kwa hiyo nikaanza kusoma.

Punje ya ngano ina pumba kwa nje, kiini kidogo kinachoota, na katikati sehemu iliyojaa wanga. Anayesaga unga mweupe huondoa pumba na kiini. Kwa hiyo mkate wa ngano nzima una nyuzinyuzi nyingi zaidi, una madini na vitamini ambazo mweupe umepoteza. Hapo sina ubishi. Tatizo ni kwamba watu wakishasikia hayo huruka moja kwa moja hadi kwenye damu, wakidhani sukari nayo itapanda polepole. Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto walileta kipimo cha kulinganisha jinsi vyakula vinavyopandisha sukari, glukosi ikiwa 100. Katika jedwali la kimataifa la mwaka 2008, wastani wa mkate mweupe ni 75. Wa ngano nzima je? 74.

Nukta moja! Kwa nukta hiyo moja Mama alijiruhusu slesi mbili za ziada.

Sababu yake si ngumu. Ngano nzima ikisagwa laini kama poda, pumba zimo, lakini ule wanga uliokuwa umefungiwa ndani ya punje umeshafunguliwa. Tumbo halina kazi tena. Na nyuzinyuzi za ngano nyingi ni zile zisizoyeyuka. Zinasaidia choo, ila haziuzuii wanga. Shayiri na oti ndizo zenye nyuzinyuzi zinazogeuka ute tumboni, mfano wa ute wa bamia, na sukari ikipita kwenye ute huo hupita kwa kujivuta. Mkate wenye punje zinazoonekana, zile unazolazimika kuzitafuna, katika jedwali lile lile una 53. Huo ndio daktari angemtajia Mama, kama unapatikana. Katika maduka ya hapa kwetu bado sijauona.

Nao wa brauni tunaouziwa mara nyingine hata hiyo ngano nzima haimo kwa wingi. Unga mweupe ukitiwa pumba kidogo na karameli ya rangi, tayari umekuwa brauni. Geuza pakiti usome: kinachotajwa mwanzo ndicho kilichotiwa kwa wingi. Ukikuta "unga wa ngano" tu, bila neno nzima, jua umelipia rangi.

Kwenye njaa, hata hivyo, ngano nzima inastahili sifa zake. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja cha kalori 240, wakawauliza shibe yao kwa saa mbili. Mkate mweupe ukapewa 100 uwe kipimo. Wa ngano nzima ukapata 157. Viazi vya kuchemsha viliwaacha wote nyuma kwa 323, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kula daku hapa Bombo angewaambia bure. Kula mkate mweupe na chai alfajiri, saa nne unaanza kuitazama saa. Kula kiazi au muhogo na maharage, adhuhuri inakukuta mtu mzima.

Maharage yenyewe nayataja makusudi. Vijana wa Kampala wanaokula kikomando, chapati iliyokatwakatwa ikamwagiwa maharage, huchekwa kwamba ni chakula cha asiye na pesa. Mimi nikipewa chapati moja (moja, si tatu) na maharage ya kutosha, naona nimepata mlo wa busara kuliko slesi nne za brauni na chai tamu. Wanga wa maharage husagika taratibu, una nyuzinyuzi na protini pamoja. Jenkins na wenzake waliona hata kwamba dengu za asubuhi hutuliza sukari ya mlo wa mchana.

Wapo watakaoniambia turudi kwenye kalo, ule ugali wa ulezi, chakula cha wazee. Naipenda. Lakini ulezi uliosagwa laini mashineni nao hupandisha sukari vizuri tu, na tonge letu si dogo. Bibi yangu alikula kalo akiwa ametoka kulima tangu alfajiri. Mimi naila nimeshuka kwenye bodaboda.

Mama sasa amerudi kwenye slesi mbili, juu yake yai au odi, yaani karanga zilizosagwa, isiyo na sukari, na tunampima saa mbili baada ya kula badala ya kubahatisha. Namba zimeanza kuwa za adabu, ingawa nadhani kuondoka kwa sukari kwenye chai kumefanya kazi kubwa kuliko mkate wowote. Chai hiyo bado anainywa amekunja uso.

Mimi kazi yangu dukani ni kubonyeza. Mkate wenye ngano nzima kweli huwa mzito, ukiubonyeza unakataa. Ukizama kama sponji halafu ukarudi, naurudisha kwenye rafu. Mwenye duka ameshachoka nami. Juzi aliniuliza, "Ssebo (yaani bwana), unanunua mkate au godoro?"