Shirley Temple Black: balozi aliyefunikwa na utoto wake

Likitajwa jina la Shirley Temple, wengi humwona mtoto wa miaka sita, nywele zimejiviringa, anaimba na kucheza. Sina ugomvi na mtoto huyo. Kinachoniudhi ni kumfungia mtu katika utoto wake wakati alikuja kuwa mwanadiplomasia wa kweli. Alifariki Februari 2014 akiwa na miaka 85, na miaka aliyoongoza kwa kujaza kumbi za sinema Marekani, akiwapita watu wazima kama Clark Gable, ilikuwa minne tu: 1935 hadi 1938.

Na utoto wenyewe haukuwa mtamu kama filamu zake. Alizaliwa Santa Monica, California, Aprili 1928, na kabla hajatimiza miaka minne alikuwa tayari kazini. Alikuja kusimulia ukubwani kwamba katika zile filamu fupi za mwanzo, mtoto msumbufu alifungiwa ndani ya kisanduku chenye pande la barafu. Studio ikampunguzia umri kwa mwaka mzima ili kipaji chake kionekane cha ajabu zaidi, naye akaja kuujua umri wake wa kweli akiwa na miaka 13. Halafu pesa. Alichuma zaidi ya dola milioni 3. Alipoolewa na kuulizia akiba yake, akakuta kama dola 44,000. Baba yake alikuwa mtu wa benki, na bado lile fungu ambalo mahakama iliagiza liwekwe kwa ajili ya binti halikuwekwa. Hata hivyo hakuwapeleka wazazi wake mahakamani. Mimi sijui kama ningeweza.

Mwaka 1950, akiwa na miaka 22, aliacha filamu. Uamuzi huo nauheshimu kuliko tuzo ya Oscar aliyopewa akiwa mtoto, maana ni wachache mno wanaokubali kushuka jukwaani wakati watu bado wanalijua jina lao. Aligombea ubunge California mwaka 1967 akashindwa. Miaka miwili baadaye Rais Nixon akamweka katika ujumbe wa Marekani kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Mwaka 1972 alikatwa titi kwa saratani, akalitangaza jambo hilo hadharani ili wanawake wenzake wasiogope kwenda kupimwa. Enzi hizo ugonjwa huo ulinong'onwa tu.

Mwaka 1974 akateuliwa balozi nchini Ghana, na wapo waliocheka. Nakubali kwamba tabia ya marais wa Marekani kugawa ubalozi kwa marafiki wa chama haipendezi, na bila umaarufu wake huenda asingefikiriwa kabisa. Lakini mtu hupimwa kwa kazi. Ghana wakati huo ilikuwa chini ya wanajeshi wa Acheampong, si mahali pa kwenda kutabasamu mbele ya kamera. Yeye mwenyewe alieleza kwamba Waghana hawakupata shida kumchukulia kama mwanadiplomasia. Waliomsumbua ni Wamarekani wenzake waliokataa kuamini kwamba amekua. Kauli hiyo inanigusa sana. Accra ilimwona mwanamke wa miaka arobaini na kitu aliyekuja kufanya kazi, kwao wakaendelea kumtafuta mtoto. Alipotoka Ghana mwaka 1976 akawa Mkuu wa Itifaki wa serikali ya Marekani, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Sehemu ya maisha yake ninayoirudia zaidi ni Prague, uliokuwa mji mkuu wa Czechoslovakia. Agosti 1968 alikwenda huko kwa shughuli za shirikisho la kupambana na maradhi ya neva yaliyompata kaka yake. Alikuwa akitarajia kuonana na Alexander Dubček, kiongozi aliyekuwa akijaribu kulegeza ukomunisti. Usiku vifaru vya Urusi na washirika wake vikaingia, Dubček akakamatwa, na mgeni huyu akiwa hotelini akashuhudia mwanamke asiye na silaha akipigwa risasi. Akaondoka kwa msafara wa magari kuelekea Ujerumani Magharibi.

Miaka 21 baadaye, Agosti tena, alirudi Prague akiwa balozi wa Marekani, akiwakilisha nchi yake mbele ya serikali ileile iliyozaliwa na vifaru vile. Hapo hakuwa mgeni wa kufundishwa historia ya mji. Alikuwa ameiona kwa macho yake. Novemba wanafunzi wakajaa mitaani kuipinga serikali hiyo ya kikomunisti, na kabla ya mwaka kwisha Václav Havel, mwandishi mpinzani, alikuwa rais. Dubček, yule aliyekosa kuonana naye mwaka 1968, sasa alikuwa Spika wa Bunge, na balozi Black alikuwa na sababu ya kikazi ya kwenda kubisha hodi ofisini kwake.