Tiba ya Bipola Isiishie kwenye Karatasi ya Dawa

Hapa Nairobi, mtu akigunduliwa kuwa na ugonjwa wa bipola, ugonjwa wa akili unaomyumbisha mtu kati ya msisimko uliopita kiasi na huzuni nzito, huondoka kliniki na karatasi ya dawa pamoja na onyo la kutoziacha, na mara nyingi mambo huishia hapo. Dawa sina ugomvi nazo; lithiamu, ambayo daktari wa Australia John Cade aliandika kuhusu manufaa yake mwaka 1949, ingali tegemeo kubwa, wala tiba ya mazungumzo haikusudiwi kushika nafasi yake. Ninachokipinga ni dhana kwamba mazungumzo ni anasa ya wenye bima.

Mbinu ninayoiona ikitufaa sana ni ile ya kutengeneza mwenendo wa siku, iliyoasisiwa na mwanasaikolojia Ellen Frank na wenzake katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani. Mgonjwa huandika kila siku saa aliyoamka, aliyokutana na mtu wa kwanza, aliyoanza kazi, aliyokula chajio na aliyolala, kisha yeye na mtaalamu wake huchunguza ratiba ilipoyumba na hali ya moyo ilivyobadilika. Daftari na kalamu vinatosha. Ugumu uko katika maisha ya jiji lenyewe, kwa sababu kukosa usingizi kunaweza kuamsha mania, yaani ule msisimko uliopita kiasi, ilhali bawabu huhamishwa kutoka zamu ya mchana hadi ya usiku bila kuulizwa, na muumini hutarajiwa kanisani kwenye kesha hadi alfajiri. Ningewasihi wachungaji wafahamu kwamba muumini mwenye bipola anayeomba ruhusa akalale hajapungukiwa imani.

Kisha kuna jamaa za mgonjwa, ambao wengi wetu huwaacha wakisubiri nje mlangoni. Tiba ya familia iliyoandaliwa na mwanasaikolojia David Miklowitz, ambayo kwa kawaida huwa na vipindi 21 katika miezi tisa, huwafunza watu wa nyumbani dalili za mapema na namna ya kuzitamka. Mama aliyezoea kusema, "Umeanza tena wazimu wako," hujifunza kusema, "Mwanangu, tangu Jumanne hulali vizuri na unaongea haraka, tumpigie daktari?"

Vipindi 21 ni gharama kubwa kwa familia nyingi za hapa, nalikubali hilo. Hata hivyo, mafunzo ya pamoja kuhusu ugonjwa huu, kama yale ya wataalamu Francesc Colom na Eduard Vieta kule Barcelona, Hispania, huwakusanya wagonjwa kadhaa katika kundi moja, na kliniki zetu za umma zingeweza kuanzia hapo, zikiwatengea jamaa siku yao, na kumuuliza kila mgonjwa mpya, kabla hajapewa dawa, anaishi na nani na hulala saa ngapi.