Simuleta inajibu nini kuhusu ndege ambayo haijaundwa

Siku hizi mbunifu anaweza kuirusha ndege yake kabla hajakata hata bati moja. Wanaoitetea njia hii wana hoja nzito: kwenye simuleta, yaani programu ya kompyuta inayoigiza urukaji, kuhamisha kitovu cha uzito ni kazi ya dakika moja, na ukianguka unaanza upya. Wapinzani wao husema mashine hurudisha tu namba ulizoilisha. Kwa maoni yetu, ugomvi huu unategemea unaiuliza nini.

Programu kama X-Plane huugawa ubawa vipande na kukokotoa nguvu ya hewa kwenye kila kipande. Ndege ikiwa katika mwendo wa kawaida, hesabu hiyo inatosha kulinganisha miundo miwili. Isawazishe iende bila kushikwa, vuta usukani kidogo mpaka kasi ipungue, kisha uachie. Pua ikipanda na kushuka huku mawimbi yakififia, vizuri. Ikizidi kunyanyuka bila dalili ya kurudi, kitovu cha uzito kiko nyuma mno au mkia ni mdogo. Badilisha kimoja tu, urudie. Ukigusa vyote viwili hutajua kipi kilichoponya.

Mambo huharibika ubawa unapoinuka mno dhidi ya upepo, ukapita pembe yake ya mwisho, na hewa kuacha kuubeba. Hapo hewa iliyovurugwa na ubawa na kiwiliwili huupiga mkia kwa namna ambayo hesabu ya vipande haiikamati vizuri. Simuleta ikikuambia ndege yako inatoka salama baada ya kuzunguka kama pia, usiiamini. Hilo ni la handaki la upepo, ambamo mfano wa ndege hupulizwa hewa, kisha la rubani wa majaribio mwenye parachuti.

Kwa upande wa mtu na mashine, simuleta ina nguvu zaidi. Kukadiria urahisi wa kuiongoza ndege, marubani hutumia kipimo cha Cooper-Harper cha mwaka 1969: 1 ni ndege tamu, 10 ni iliyokushinda. Lakini rubani aliye ardhini hana roho mkononi, na mkono wake huwa mlegevu. Tarehe 26 Oktoba 1977, Enterprise, chombo cha majaribio cha mradi wa Space Shuttle wa NASA, shirika la anga la Marekani, kilipotua Edwards, California, kilianza kuyumba kwa sababu ya masahihisho ya rubani mwenyewe. Sehemu ya chanzo ilikuwa ucheleweaji kati ya mkono na mwitikio wa chombo. Mwaka uliofuata NASA iliuchunguza ucheleweaji huo angani, kwa ndege halisi ya F-8.

Kesi ya Boeing 737 MAX ni chungu zaidi. Boeing iliipima MCAS, mfumo wa ndege hiyo unaoshusha pua wenyewe, kwenye simuleta kwa kuufanya uisukume pua chini bila kuamriwa. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilieleza Septemba 2019 kwamba hitilafu mahususi zinazoweza kuuamsha, kama kihisi cha pembe ya ubawa dhidi ya upepo kusoma uongo, hazikuigizwa. Katika ajali mbili zilizoua watu 346, marubani walikuwa pia na usukani unaotetemeka kuwaonya na vipimo vya kasi visivyokubaliana.

Kwa hiyo jaribio la hitilafu lianzie kwenye kifaa kinachokufa: kihisi, pampu au waya. Kiue kwenye simuleta, acha kila kengele inayotokana nacho ilie, na umweke kitini rubani ambaye hajaambiwa kitakachoharibika wala lini.