Kukikuta kirusi kwenye uvimbe si ushahidi kwamba ndicho kilichouleta
Mwandishi wa habari inayozunguka kwenye simu ameandika kana kwamba imeshathibitishwa: kirusi cha sitomegalo, ambacho watu wengi tunacho, ndicho kinacholeta glioblastoma, ile saratani kali ya ubongo. Hapo sikubali. Mwaka 2002 mtafiti Charles Cobbs na wenzake huko Marekani waliripoti kukiona ndani ya uvimbe wa aina hiyo. Tangu hapo maabara nyingine zimekiona, nyingine zimekitafuta zisikipate. Na hata kikikutwa, huenda kimeamka tu baada ya kinga ya mgonjwa kushuka. Wengi wetu tulikipata utotoni, kwa mate au maziwa ya mama, kikatulia mwilini. Ilhali wengi tunacho, glioblastoma kwa Marekani huwapata watu kama 3 tu katika kila 100,000 kwa mwaka. Nasema kwa uchungu. Ami yangu wa Langoni, hapa Lamu, aliumwa kichwa miezi, akaambiwa ana jini, hata tulipomvusha kwa boti hadi Mokowe tukapande basi la Mombasa akapigwe picha ya ubongo, mkono wa kushoto ulikuwa umeshalegea. Juzi habari hii ilipozunguka kwenye simu, mjukuu wake akakatazwa kunywa kikombe kimoja naye. Mzee aliona, akanyamaza. Saratani ile haiambukizwi kwa kikombe, jamani, msimtenge mgonjwa! Wenzangu wa Malindi mliouguza ugonjwa huu, ilichukua muda gani tangu kichwa kianze kuuma hadi mgonjwa wenu apigwe picha?