Jalada la Kesi Likitoka Kabatini

Kwenye ngazi za jengo la mahakama la zamani la St. Louis, Missouri, watumwa walipigwa mnada ili mali za marehemu zigawanywe. Ndani ya jengo hilohilo, mwaka 1847, ilisikilizwa kesi ya watumwa wawili, Dred Scott na mkewe Harriet, waliodai uhuru wao. Walishinda 1850, kisha mwaka 1857 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawakatalia. Majalada ya kesi kama hizo zaidi ya 300 yamesalia mjini humo. Anayetaka kumbukumbu za mahakama zifungwe, umma usizisome, namwomba aanzie hapo, maana watu wale hawakuwa na pengine pengi pa kuandikwa majina yao.

Kumbukumbu zikipotea, hasara ni ya wote. Moto wa Chicago wa Oktoba 1871 uliteketeza mahakama ya kaunti ya Cook pamoja na hati za ardhi. Kilichookoa umiliki ni muhtasari wa hati uliotunzwa na kampuni binafsi, na mwaka 1872 jimbo la Illinois likatunga sheria ya kuukubali kama ushahidi.

Lakini uwazi wa zamani ulikuwa na kizuizi chake: safari. Ulikwenda mwenyewe mpaka makao ya kaunti, ukasimama mbele ya karani, ukasubiri jalada moja. Leo kampuni zinazochunguza wapangaji huzoa kesi za kufukuzwa nyumba kwa maelfu na kuwauzia wenye nyumba. Kesi iliyofutwa inaweza kuendelea kumwandama mtu aliyeshinda. Familia ya Wakongo iliyotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ikapelekwa Texas itajuaje kwamba ugomvi wa kodi uliokwisha ndio unaoinyima nyumba?

Wanaotaka majalada yabaki wazi nao wana hoja nzito. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walioonyesha ukubwa wa tatizo la wapangaji kufukuzwa walitumia majalada hayohayo. Ukiyafunga yote, unamficha hata mwenye nyumba anayeshtaki wapangaji kila mwezi.

Linaloniudhi ni kwamba mahakama za shirikisho zimeligeuza jambo hili kichwa chini. Humo ndimo zinamoamuliwa kesi nyingi za kampuni kubwa na za serikali yenyewe, lakini kusoma nyaraka mtandaoni kupitia mfumo wa PACER ni senti 10 kwa ukurasa, mwisho dola 3 kwa waraka wa kawaida. Mahakama zinasema fedha hizo zinaendesha mfumo, na ni kweli mitambo haijiendeshi. Hata hivyo, mwaka 2020 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba sehemu ya fedha ilitumika nje ya kusudi la sheria, na mwaka 2024 yakaidhinishwa makubaliano ya kuwarudishia watumiaji dola milioni 125.

Mimi ningefuta senti hizo 10, kisha kwa kesi za nyumba ningefuata California. Huko, tangu 2017, jalada la kumfukuza mpangaji hubaki limefungwa isipokuwa mwenye nyumba ashinde ndani ya siku 60 tangu kesi ifunguliwe. Wahusika na mawakili wao wanalisoma, na mwenye sababu ya msingi anaweza kumwomba jaji ruhusa. Kampuni ya uchunguzi haiwezi kuyazoa kwa maelfu.