Boksi zuri halinunui imani yangu

Redio za valvu, yaani za zamani zenye vichupa vya kioo vinavyokuza mawimbi na sauti, bado zimo katika nyumba za Mji wa Kale, juu ya makabati, zimefunikwa vitambaa. Ikinyamaza, mwenyewe hukimbilia kuagiza valvu ng'ambo, na akiona boksi la Mullard au Telefunken, majina ya zamani yenye sifa, bei haimtishi tena. Mimi hapo nampinga. Jina huchapwa upya juu ya kioo, na valvu iliyochoka hurudishwa boksini ikaitwa mpya.

Afadhali valvu iliyotumika, muuzaji akaniandikia imesoma ngapi kwenye mashine ya kupimia na mpya husoma ngapi. Kama hana vipimo, nitaikagua mwenyewe. Ndani ya kioo, mara nyingi pale kileleni, pana doa la rangi ya fedha. Hilo hunyonya hewa iliyosalia ndani. Likigeuka jeupe, hewa imeshaingia. Hata ukipewa bure, iache. Halafu mita ya kupima ukinzani (ohm): kwa EL84, inayosukuma spika, gusa pini ya 4 na ya 5. Mita isiposoma, uzi wa kupasha moto umekatika. Ikisoma, uzi ni mzima, lakini nguvu ya valvu bado hujaijua.

EL84 na ECC83, inayokuza sauti kabla ya kufika EL84, zinatengenezwa hadi leo, kwa mfano na kiwanda cha JJ cha Slovakia, kwa hiyo mpya za kiwandani sizikatai. ECH81, inayosaidia kushika stesheni, ni za akiba ya zamani tu. Na usiuziwe UCH81 badala yake: umbo ni lile lile, ila ECH81 hupashwa kwa volti 6.3 na UCH81 kwa volti 19.

Linaloniuma zaidi ni valvu nzuri kuuawa na kapasita mbovu, kile kifaa kidogo kinachopitisha sauti na kuzuia umeme wa moja kwa moja. Ile inayopeleka sauti kwenye pini ya 2 ya EL84, ikiwa ya karatasi, huvuja kwa uzee, na unyevu wa Pwani hauisaidii. Umeme chanya ukipenya hapo, EL84 hula mkondo kupita kiasi, bamba lake likawa jekundu. Fundi aibadilishe kapasita hiyo kwanza, ndipo valvu ipachikwe. Na awe fundi kweli, maana ndani mna volti zaidi ya 200, na hubaki hata plagi ikishachomolewa.

Zile za zamani usizitupe kabla ya kupimwa. Safisha pini na soketi kwanza; kwa chumvi ya hewa yetu, pengine kilichonyamazisha redio ni kutu.